Usilipie laini kubwa kabla hujazima FastTrack

Acha kwanza! Usilipie hiyo laini ya Mbps 100. Umesema unauza intaneti kwa wateja 22, kila mmoja umemwekea kikomo cha Mbps 5 kwenye ruta yako ya MikroTik, jioni wote wanalalamika, na fundi kakwambia "laini ndogo, ongeza". Niliambiwa hivyohivyo mimi, na yakanila hela za miezi minne.

Nilianza na Mbps 30, wateja 17, nyumba za kupanga. Fundi alipanga foleni za wateja ndani ya ruta, kila jina na kikomo chake cha kasi, akachukua chake akaondoka. Ikifika saa mbili usiku simu zinaanza: "Baba Nasra, mbona mpira unaganda?" Nikimpigia fundi, wimbo ni uleule, laini ndogo. Nikapanda 50. Wiki moja shwari, vilio vikarudi. Nikapanda 80, tena kwa mkopo wa kikundi. Wateja sita walishahama. Na huyo fundi ndiye aliyekuwa ananiunganishia laini, kila nikipanda na yeye anakula chake! Anajua kupanda paa na kubana waya, ila ruta ya mtu hakuwahi kuichungulia ndani.

Siku moja usiku nikakaa na kompyuta mwenyewe. Winbox, programu ya kuiendesha MikroTik, imefunguka, huku orodha ya foleni, huku mlango wa laini. Mlangoni Mbps 74. Kwenye foleni zote, kilobiti chache chache, alama zote kijani, yaani hakuna aliyekaribia kikomo chake, hakuna hata moja iliyofika njano. Sasa hizo 74 zinapita wapi?

Zinapita pembeni. MikroTik nyingi zinatoka kiwandani na kanuni ya FastTrack. Nenda IP, kisha Firewall, utaikuta imekaa pale. Kazi yake ni kuipunguzia prosesa mzigo: mawasiliano yakishakubaliwa, pakiti nyingi zinazofuata zinakata njia ya mkato na hazigusi foleni kabisa. Kikomo umekiandika, hakuna anayekipitia. Kijana mmoja wa chumba cha uani alikuwa anashusha magemu kwa kasi ya mtaa mzima, na wala hakuwa na kosa. Na msinicheke, humu jukwaani mpo wengi mnaouza mtandao na kanuni hiyo inawaka.

Izime, halafu washa ruta upya, maana mawasiliano yaliyokwisha kushika njia ya mkato yanaendelea nayo mpaka yakatike. Kisha angalia prosesa jioni, itapanda. Ikigota asilimia 100, hapo nunua ruta yenye nguvu, bado si laini.

Laini usiiguse mpaka umechomeka kompyuta kwenye waya wa mteja mmoja, ukapima, ukaona inagota kwenye 5 yake na haisogei. Kama kikomo hakimshiki mtu mmoja, hata Mbps 500 zitaliwa na wawili watatu. Mimi nilirudi 50 na wateja wametulia.

Uliuliza pia vocha au PPPoE. Wanaolipa kwa mwezi wape PPPoE, yaani njia ya kila mteja kuingia kwa akaunti yake, kila mtu jina na nywila yake, kikomo kiandike kwenye profaili: 2M/5M, ya kwanza ni ya mteja kupakia, ya pili kupakua. Ya vocha waje wengine wakujibu.

Ila kabla ya yote, leo saa mbili usiku fungua Winbox, uje utuambie alama zako zina rangi gani.