Pikapu ya umeme inanesa barabarani: anza na shokapu

Pole ndugu yangu, nimekuelewa, ukipita kwenye muinuko wa hiwei hiyo F-150 Lightning yako, pikapu ya umeme ya Ford, inapanda, inashuka, inapanda tena ndo itulie, na watoto nyuma wanapata kichefuchefu. Hilo gari ni karibu tani 3 tupu, betri iko chini kabisa, sasa shokapu ikiwa laini haiwezi kuushika uzito wote huo ukishaanza kucheza.

Kwanza pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, fuata stika ya mlango wa dereva, usikisie. Halafu badilisha shokapu zote nne, chukua zilizotengenezwa kwa ajili ya Lightning yenyewe maana nyuma kila tairi inajitegemea na ina springi za koili, sio springi za majani (zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine) kama F-150 ya petroli, kwa hiyo vifaa vya ile usinunue. Mimi pikapu yangu nilidanganywa niweke springi ngumu peke yake, ikazidi kurukaruka mpaka kahawa inamwagika kwenye kishikio! Springi inasukuma, shokapu ndo inatuliza. Na ile fito ya kuzuia kulala kwenye kona haitibu huku kupanda na kushuka, hela yako iache mfukoni kwanza.

Tafadhali sana usiinue gari kwa jeki chini ya betri, nyaya za rangi ya chungwa usiguse maana ndo za umeme mkubwa, na springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja mkono, hiyo mwachie fundi. Akimaliza, afanye alaimenti, yaani kupanga tairi zikae sawa. Uliza na mambo ya waranti kabla hujafungua nati hata moja.