Mariamu Si Kosa la Maria: Usikubali Jina Lako "Lisahihishwe"

Mwalimu alikuwa anajaza fomu za mtihani wa darasa la saba, nasi tumepanga foleni mbele ya meza yake. Zamu yangu ilipofika nikataja jina: Mariamu Yusufu. Akanitazama, akautazama msalaba mdogo niliouvaa shingoni. "Wewe si Mkristo? Mbona una majina ya Kiislamu?" Sikuwa na jibu. Akaandika Maria Joseph kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri kabisa, akasema sasa limekaa sawa. Nikamwambia ahsante mwalimu.

Ahsante ile nilikuja kuilipia baada ya miaka 12. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu Yusufu. Vyeti vya shule vinasema Maria Joseph. Kitambulisho cha taifa nacho, karani aliandika alivyosikia: Mariam Yusuph, hiyo "ph" ambayo wengi wetu tunaibandika bila kujua imetoka wapi. Watu watatu, sura moja. Kazi yangu ya kwanza ilisubiri wiki 5 huku nikihangaikia hati ya kiapo.

Na mwalimu hakuwa sahihi hata kidogo. Sisi ni Waanglikana wa Mpwapwa, tangu kwa babu. Biblia ya bibi ilikuwa Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, na babu aliwapa watoto majina kutoka humo. Fungua Luka 1:27 uone mwenyewe: bikira anaitwa Mariamu, na mchumba wake ni Yusufu. Humo hutamkuta Abraham wala Moses, utamkuta Ibrahimu na Musa. Jirani zetu Wakatoliki husema Maria na Yosefu. Waislamu wana Maryam, sura ya 19, na Yusuf, sura ya 12. Maryam huyo ni yuleyule mama wa Yesu; Yusuf huyo ni mwana wa Yakobo, si mchumba wa Mariamu, ila jina ni lilelile. Joseph limetufikia kwa Kiingereza, Yusuf kwa Kiarabu, na Kiswahili kikaongeza "u" mwishoni kama kilivyofanya kwa Salumu, au "i" kwa Rashidi. Ndiyo maana Hamisi wa bara ni Khamis wa Unguja. Herufi zitakuonyesha jina lilikopitia. Mwenye jina anasali wapi, hilo muulize yeye, kama kweli linakuhusu.

Watu hawaulizi. Mama ntilie mmoja karibu na ofisini alisikia mwenzangu akiniita, akauondoa mkono wake kwenye sahani yangu: "Mariamu mzima, mchana wa Ramadhani, huogopi?" Yule nilimwelewa, alinionea uchungu kama mwanawe.

La mwenye nyumba ndilo linaloniuma hadi leo. Nilikuwa natafuta chumba Dar es Salaam, tumeshakubaliana bei kwa simu, nikataja jina. Akanyamaza. Kisha: "Dada, samahani, hapa tunakaa Wakristo watupu." Nikamjibu haraka, mimi ni Mwanglikana, baba yangu ni mzee wa kanisa. Akacheka, akasema ungesema mapema, njoo na kodi ya miezi 6. Nikaenda. Nikalipa. Usiku wa kwanza nimelala pale nikamfikiria Mariamu mwingine aliyepiga simu kabla yangu, asiye na baba mzee wa kanisa. Nilikosea kujibu. Nilijitoa mimi mtegoni nikauacha umetegwa. Na najua iko mitaa ambako Joseph ndiye anayekatiwa simu.

Kwa hiyo ukiulizwa dini kwenye chumba, kazi au mkopo, sema: "Kodi nitalipa kwa wakati. Dini yangu haihusiani." Utakosa vyumba, sikufichi. Ila ukishaanza kujitetea kwa dini yako, umekubali kwamba ya mwenzako ni kosa.

Kuhusu karatasi. Toa nyaraka zako zote leo, zitandaze kitandani, usome majina herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, usingoje siku ya usaili. Kama ni herufi tu, Mariam na Mariamu, mara nyingi hati ya kiapo ya wakili au hakimu inayosema hao wote ni mtu mmoja inatosha. Kama ni jina jingine kabisa, kama mimi, huenda ukahitaji hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa. Uliza kwanza ofisi inayokudai itapokea ipi, usije ukalipia mara mbili. Chagua tahajia moja na uishikilie hata kwenye laini ya simu na benki. Mimi nilichagua iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ndiyo aliyoniandikia baba.

Walimu, makarani, mapadri, mashehe: andikeni jina kama mwenyewe anavyolitaja. Mtoto wa miaka 13 hawezi kubishana nanyi.

Mwaka jana nilikwenda kumwandikisha mwanangu. Nilibeba kipande cha karatasi, jina kwa herufi kubwa. Binti wa mapokezi akauliza, "Yusufu, au tuweke Joseph?" Nikamsogezea karatasi. Akaandika, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Alikuwa ameishia kwenye "f". Nikamwomba aongeze "u", akaongeza, nikasoma tena, ndipo nikasaini.