Usikate hiyo shaba kabla hujajua oksijeni iliyomo

Mkuu, zima mashine kwanza. Umeandika kwamba umepata mche wa shaba mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, milimita 150 kwa 100 kwa 60, muuzaji kakuhakikishia ni "safi asilimia 99.9", na kesho unaanza kutoboa njia za maji ya kupozea za kishikilia kathodi (ncha hasi ya umeme) cha chemba ya plazima, chombo kinachonyonywa hewa mpaka kibaki ombwe, kisha uzibe ncha kwa kuchomea kwa gesi. Umeuliza keekee gani inafaa, maji ya bomba yanatosha au yachujwe, na oringi ipi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji. Hayo yasubiri.

Hiyo 99.9 ndiyo mtego. Shaba ya umeme, ile ya basibaa (pau za kusambazia umeme), inayoitwa ETP au C11000, ina kiwango hicho hicho cha usafi, na ndani yake kuna oksijeni kama sehemu 200 hadi 400 kwa milioni. Imeshikana na shaba, ikawa vipunje vya oksaidi. Kwenye basibaa haina neno. Lakini mwali wa asetilini, gesi ya kuchomea, una haidrojeni, hasa asetilini ikizidi. Shaba ikiwa nyekundu, haidrojeni hupenya ndani ya metali, hukutana na oksaidi, na hapo huzaliwa mvuke wa maji. Haidrojeni iliingia kwa sababu ni ndogo mno. Mvuke ni mkubwa, hauna pa kutokea. Husukuma kutoka ndani mpaka chembe za shaba zinaachana.

Na hutaona kitu! Kiungo kitang'aa vizuri. Utajaza maji kwa shinikizo la bar 4, tone halitoki. Ukishafunga kwenye chemba ndipo kipimo cha ombwe kinagoma kushuka. Utalaumu pampu, utabadilisha oringi, utafungua flanji moja moja, kumbe maji yanapenya kwenye nyufa nyembamba kama unywele kando ya kiungo. Ukichomea tena unaongeza haidrojeni, nyufa nazo zinazidi. Haina dawa. Kilo 8 za shaba zinaenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, pamoja na saa zote za kukereza. Mimi nimezilipa kilo hizo, kwa kauli ya muuzaji kwamba "shaba ni shaba". Inaniudhi mpaka leo, maana mtu anayeuza metali kwa kilo anapaswa kujua anachouza, au aseme hajui.

Kwa hiyo usikate kabla hujaona namba. Cheti cha kiwanda kiseme C10100, ambayo oksijeni yake haizidi sehemu 5 kwa milioni, au C10200, isiyozidi 10. Kwa namba za Ulaya ni CW009A na CW008A. Hana cheti? Kata ukanda wa milimita 3 kutoka ncha ya mche, uchome kwa mwali wenye asetilini nyingi mpaka uwe mwekundu wa kung'aa, ushikilie dakika kumi, upoze, kisha ukunje mpaka pande zigusane na ukunjue. ETP itapasuka kwenye mkunjo. Isiyo na oksijeni itakunjika kama metali laini ya risasi.

Bomba za mafundi wa AC ni habari nyingine: kwa kawaida ni C12200, oksijeni yake imeshachukuliwa na fosforasi, hivyo haidrojeni haizipasui. Zitumie kuleta maji. Mche wenyewe usiwe wa shaba hiyo, fosforasi hupunguza upitishaji wa joto.

Keekee: ya HSS (chuma kigumu cha kukatia) mpya yenye makali, milimita 8, toa nje kila milimita 4 au 5 kusafisha chenga, maji ya kupozea yasiyo na salfa. Toboa kutoka pande zote mbili zikutane katikati, kwani keekee ndefu hupinda ndani ya shaba. Vijiti vya silva vya kuchomea vyenye zinki au kadimiamu visiingie kwenye ombwe, vitatoa mvuke.

Kama umeshalipa na ukanda umepasuka, mche bado una kazi, ila bila moto. Chonga njia za maji zikiwa wazi juu, funika kwa bamba, bana kwa boliti na oringi, na upande wa maji uwe nje ya ombwe.

Angalia kama mche una namba iliyogongwa, uiandike hapa kabla hujaubana kwenye vaisi.