Wadogo zangu wa maabara, blanki kwanza, mengine baadaye

Jana nimepita maabara nikamkuta dogo mmoja anapasua sato kutafuta vipande vidogo vya plastiki tumboni, huku kavaa sweta la manyoya la mtumba, feni inazunguka namba tano, na blanki (kile kisahani kisicho na samaki, cha kuonyesha uchafu unaotoka maabara yenyewe) hakuna hata moja. Namuuliza blanki ziko wapi, ananijibu "kaka hizo ntafanya mwishoni". Mwishoni! Nikaona bora niandike tu, maana kila mwaka ni yaleyale.

1. Blanki sio pambo. Ngoja niwape yangu, ila msicheke sana. Kipindi naanza nilinunua sangara na sato mwaloni pale Mwanza nikijua kabisa kuna kazi ilishatoka 2016, ya samaki wa hukohuko Mwanza, mashine ya FTIR, ile inayotambua aina ya plastiki kwa mwanga wa infraredi, ikathibitisha plastiki kwenye 20% ya sangara na 20% ya sato. Sasa mimi nikapata 100%. Kila tumbo lina vipande vya kijani, vizuri, ving'avu, mpaka nikavipenda. Nikatengeneza slaidi, nikawatupia lawama wavuvi na nyavu zao, usiku silali nawaza jarida gani litanifaa. Supavaiza kaangalia zile picha kimya, kisha akauliza, hata wa bwawani? Nikasema hata wa bwawani mzee. Hata vifaranga? Hata vifaranga mzee, tena wao ndo wamezidi! Akanyanyuka, akaenda kwenye sinki, akarudi na lile dodoki la kijani la kuoshea vyombo, ambalo mimi kila asubuhi nilikuwa nasugulia trei na mikasi kwa bidii zote maana nilifundishwa usafi nyumbani. Kakata kauzi, kaweka kwenye mashine. Nailoni. Spektra yake, ule mchoro wa mashine, ikalala juu ya ile ya vipande vyangu kama mapacha. Wiki sita, hela ya samaki ya mfukoni mwangu, nilikuwa nafanya utafiti wa dodoki. Na mama anayetusafishia maabara akapita na ndoo yake akasema, "si nlikwambia hilo limechakaa linanyonyoka?" Kweli aliniambia. Ningeacha hata kisahani kimoja cha maji yaliyochujwa pembeni ya trei siku ya kwanza, ningeona.

2. Kuyeyusha nyama ibaki plastiki: KOH (potasiamu haidroksaidi) 10%, nyuzi joto 40, na uvumilivu. Asidi ya nitriki ina haraka ila inakula nailoni, utasema samaki wako msafi kumbe umeyeyusha ushahidi.

3. Mnaoelesha plastiki kwa maji ya chumvi, chumvi ya kawaida ikikolea inafika densiti 1.2 tu. PET, plastiki ya chupa za maji, ni kama 1.38. Kwa hiyo chupa za maji zote zimebaki chini na tope lako halafu unaandika "PET haikuonekana". Ingeonekanaje sasa?

4. Watu wa nano, zile chembe ndogo mno, nyie ndo mnaniua kabisa. Unamwaga nano za fedha kwenye bika la dafnia (vile vidudu vidogo vya majini), wanakufa, unaandika nano zinaua. Hizo zinayeyuka zinaachia ioni za fedha, na ioni peke yake inaua dafnia vizuri tu, sasa kontroli ya silva naitreti, yaani bika la kulinganisha lenye ioni tu bila nano, iko wapi? Na wa vishanga vya plastiki ya polistirini, someni lebo jamani, chupa nyingine zinakuja na sodiamu azaidi ili zisiote bakteria, na azaidi ni sumu. Osheni kwanza. Na mkitumia maji ya bahari, nano zinashikana zinazama, yule kiumbe anayeogelea juu hajapata dozi uliyoiandika kwenye daftari, kapata anachokijua Mungu. Pimeni tena baada ya masaa 24.

5. Kukuta plastiki tumboni sio kukuta ugonjwa. Nyingi zinapita zinatoka na kinyesi, kwa hiyo ile sentensi ya "walaji wa samaki wako hatarini" toa, angalia kwanza utumbo umevimba au haujavimba, samaki kakua au kadumaa.

6. Vaeni pamba.

Yule dogo nimemlazimisha aweke blanki jana ileile, kisahani kitupu, masaa mawili mezani. Leo asubuhi tumeiweka chini ya hadubini: nyuzi 11, zote rangi ya chungwa. Sweta lake ni la rangi ya chungwa. Ameniambia ni zawadi ya shangazi yake.