Mzee wa Shamba Ajibu: Vipepeo na mikorosho ya babu

SWALI: Shikamoo Mzee wa Shamba. Sisi ni akina mama kumi na wawili wa Msabaha, tuna chama cha kuchangiana kila Jumamosi. Tunataka kufuga vipepeo tuuze pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) kwa mradi wa Kipepeo ulioko Gede. Wenzangu saba wanasema tukate mikorosho minne iliyo shambani kwangu tuchome makaa, tupate pesa ya neti ya kufugia viwavi. Mikorosho hiyo aliipanda babu, siku hizi inazaa kidogo, na imejaa majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, hata kuokota korosho ni taabu. Mimi sitaki, lakini sina la kuwajibu.
*Mama Watatu, Msabaha*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usikate. La kuwajibu ninalo, maana mengi ya haya yamenipata mimi mwenyewe huku Mijomboni.

Neti isiwatie haraka. Kinachomshinda mfugaji mgeni ni majani ya kulisha viwavi. Mimi nilianza na milimau miwili. Viwavi wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, usipotazama sana huwaoni. Baadaye hugeuka kijani, wanene kama kidole cha mtoto, na ukiwagusa hutoa kipembe cha panda, rangi ya chungwa, chenye harufu kali. Mlimau wa kwanza waliula ukabaki vijiti. Wa pili ukaisha kabla hawajawa pupa, na nusu yao wakafa njaa. Kwa hiyo miezi ya kwanza ni ya kupanda tu. Na kwa neti, zamu ya kila Jumamosi inunue mita chache; mpaka miche ishike, mtakuwa nazo za kutosha.

Sasa majimoto. Hao wanakulindia shamba, binti yangu. Wanakula wadudu wanaofyonza korosho changa na vidaka vya nazi. Ukiwapulizia dawa umejipunguzia mazao, na upepo ukiipeleka dawa kwenye milimau, viwavi nao wamekwisha. Ila majimoto na viwavi hawakai pamoja. Usiku mmoja tawi la mkorosho liliinamia mlimau wangu. Asubuhi nikakuta neti ina tundu dogo karibu na fundo, ndani hamna kiwavi hata mmoja, na msafara wa wekundu hao bado unapita juu ya tawi. Basi miti ya viwavi ipandeni mbali na mikorosho, msiache matawi yagusane, na kila shina la miti hiyo mlifunge kitambaa chenye girisi. Mikorosho yenyewe ipogoeni: toeni matawi makavu na yaliyobanana, jua liingie ndani. Mkorosho wa zamani ukipata hewa na nafasi huzaa tena. Makaa yake mtayauza mara moja tu.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Mradi wa Kipepeo ulipoanza Gede mwaka 1993, wengi wetu tulioishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke tulitaka msitu ukatwe tugawiwe mashamba. Ndovu na nyani walikuwa wakitumalizia mahindi. Nami nilikuwa miongoni mwa waliotaka ukatwe. Leo vipepeo majike wanaotaga mayai yetu wanatoka mle mle, na hawakamatwi ovyo, ni kwa ruhusa. Kuanza kazi hii kwa tanuri la makaa ni kuukata mkono unaokulisha.

Tena msiweke tumaini lote kwenye pupa. Pupa haingoji: ndani ya wiki mbili hivi kipepeo ametoka, kwa hiyo lazima ifike Gede siku chache tu baada ya kujifunga, ipate muda wa kusafiri hadi ng'ambo. Mwaka 2020 korona ilipofunga nyumba za maonyesho ya vipepeo za huko, tulibaki tukitazama mabawa yakifunguka mikononi mwetu, hakuna mnunuzi. Jirani yangu mwenye mihogo na mizinga minane ya nyuki alilipa karo. Mimi niliuza mbuzi.

Jumamosi hii, kabla ya kuchangiana, nendeni Gede nyote kumi na wawili, na wale saba wawe mbele. Ulizeni ni pupa za aina gani zinazotakiwa. Kila aina ina mti wake. Mlimau hauwalishi wote. Mkishajibiwa, ndipo mtafute miche.