Kabla hujatoa 60,000 za waya, fungwa leso machoni

Wewe uliyeuliza hapa namna ya kupiga santuri za mzee wako, huyo muuza waya usimlipe. Kama umeshamtumia pesa ya kushikia bidhaa, mpigie sasa hivi umwambie mama mkwe amekuja na mbuzi, mtoto amemeza kifungo, chochote kile, lakini hizo 60,000 za waya wa stima usizitoe.

Naona wenzangu wamekujibu kistaarabu: "inategemea", "kila mtu na masikio yake". Mimi ustaarabu huo sina, kwa sababu ulichoandika ni maisha yangu, umebadilisha mtaa tu. Umerithi santuri za mzee wako karibu 200. Una laki na nusu. Unataka mashine ya kuzipigia, unauliza habari ya sindano ya kuzisoma, unauliza namna ya kuzisafisha, unauliza kama binamu yako akuletee mashine kutoka Marekani. Halafu katikati, kama mtu anayetaja mvua, unasema kuna "mshauri wa sauti" amekuambia uanze na waya wa kuchomekea amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti ya spika, ukutani kwa sababu "stima ya Nairobi ni chafu". Nilipofika hapo niliweka kikombe chini.

Wangu ulikuwa 85,000. Shilingi, ndiyo. Kodi ya miezi mitatu wakati ule hapa Donholm, na chenji ya nyama.

Mita moja na nusu. Mweusi, mnene kama mtoto wa chatu, umevishwa soksi ya kusukwa. Ulikuja ndani ya sanduku la mbao lenye mahameli, pamoja na cheti. Nina mtoto wa miaka minne ambaye bado nafuatilia cheti chake cha kuzaliwa, lakini waya wangu unacho, umesainiwa.

Pesa nilitoa wapi? Sacco. Kwenye fomu nikaandika "ukarabati wa nyumba, mabati", nyumba ya kule nyumbani, na wenzangu wawili kazini wakanidhamini. Mmoja wao hadi leo akiniona kwenye ngazi huniuliza, "Mabati yalifika?" Namwambia yalifika. Miezi 18 nimelipa mabati yasiyopigwa na mvua.

Sasa sikiliza nilivyochezwa, maana ninavyokusoma uko kwenye hatua ya pili.

Hatua ya kwanza ni kahawa. Jamaa wa waya hauzi kitu siku ya kwanza. Anakuketisha kwenye kiti cha ngozi, chumba kina zulia ukutani, anavaa glavu nyeupe kushika santuri kama daktari anayepokea mtoto, anakuuliza unapenda nani. Nikamwambia Les Wanyika. Akafumba macho, akasema, "Una sikio." Hapo nilikuwa nimekwisha. Mwanamume wa miaka 47 ambaye kazini hakuna anayemsikiliza, ameambiwa ana sikio!

Hatua ya pili ni mlinganisho. Akapiga upande mmoja wa santuri kwa waya wa kawaida. Akazima, akaenda nyuma ya amplifaya, akachomeka ule mnene, akawasha, akagusa kitufe cha sauti kidogo "kuiamsha mashine", akarudi kuketi. Na kweli, jamani, nilisikia. Gitaa lilisogea mbele. Besi ikapata mwili. Nilisikia hata mtu akivuta pumzi. Nikatoka pale nikiwa na hasira na miaka yote niliyosikiliza muziki kwa nyaya za bure.

Kile kitufe alichokigusa. Rudia tena kusoma hapo. Ukipandisha sauti kidogo sana, kama desibeli moja ya kipimo cha sauti, sikio halikwambii "imepanda". Linakwambia "imekuwa safi, ina uhai". Wauza vyombo vya sauti wanalijua hili tangu zamani. Mimi nililijua baada ya marejesho ya tano.

Nyumbani, wiki ya kwanza nilisikia tofauti. Wiki ya tatu nikaanza kuitafuta. Nikampigia. Akaniambia waya haujachemka, unahitaji saa 200 za kupitisha stima kabla haujafunguka. Nikauacha mchana na usiku redio inaimba peke yake, tokeni zinaisha. Saa 200 zikapita, nikampigia tena. Akasema basi tatizo ni waya kugusa sakafu, nikanunua vijiwe vinne vya kauri vya kuuinulia. Sikusikia kitu. Akasema sasa udhaifu uko kwenye nyaya za spika. Nilipomwambia labda mimi ndiye sisikii, akanyamaza kidogo, akasema kwa upole, "Masikio nayo hufunguka polepole."

Umewahi kwenda kwa mganga? Basi ni yule yule. Dawa haikosei. Ikikosa kufanya kazi, ni wewe uliyevunja mwiko, ulikula samaki, ulivuka maji. Tofauti ni kwamba mganga wa kwetu huchukua kuku, huyu anachukua kwa laini ya simu na anakupa risiti.

Aliyenifungua masikio kweli ni mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu aliyekuja likizo ya Agosti. Alinikuta nimepiga magoti nyuma ya amplifaya nikipangusa waya. Akauliza bei. Nikampa bei ya uongo, 15,000, na bado akacheka. Akasema, "Mjomba, tufanye kama maabara." Akachukua leso ya mama watoto akanifunga macho. Ile leso, nakuapia, imeandikwa *Japo sipati tamaa sikati*. Akachukua waya wa kompyuta yangu ya zamani, ule mweusi unaokuja bure kwenye boksi, maana kichwa chake ni kile kile. Volyumu akaibandika selotepu isiguswe. Kila raundi anarusha shilingi 10, uso waya ghali, mgongo waya wa kompyuta, anazima, anachomoa, anachomeka, hata kama ni kuurudisha ule ule, kisha mimi natamka. Raundi 10, zote kwenye daftari lake la hisabati.

Nilipata 4.

Ile sarafu ingejibu yenyewe, huenda ingenishinda. Lakini kilichoniua si hizo 4. Ni raundi ya 7, ambapo mimi, nimefungwa macho, nimeinua kidole kama mhubiri, nilisema, "Sasa tumerudi kwa wenyewe. Sikia besi ilivyotulia." Ulikuwa waya wa kompyuta. Jikoni nikasikia mama watoto amekohoa. Hakusema kitu. Hadi leo hajasema kitu, na angesema ingekuwa nafuu.

Niliupeleka waya kwa fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, mjini Nairobi, nikitumaini ataona kitu sisi hatukioni. Akafungua plagi kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na fyuzi ya ampea 13, kama iliyo kwenye plagi ya pasi yako. Akaishika kwenye mwanga: "Ndani ya hii kuna kauzi kembamba. Stima yako yote ya kifalme inapita hapo kwanza." Kisha akanieleza bure kitu ambacho kingeniokolea mabati. Amplifaya haichezi muziki kwa stima ya ukutani ilivyo. Inaishusha kwa transfoma, inainyoosha kwa dayodi, inaihifadhi kwenye kapasita, ndipo inaitumia. Kusafisha stima ni kazi ya hivyo vitu, na viko ndani tayari, umeshavilipia.

Na hata ungetaka kuamini kwamba waya una utamu, fikiria stima yenyewe ilikotoka. Mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria umezungusha mtambo, stima imepanda nyaya ndefu hadi Nairobi, imepita transfoma ya mtaa ambayo ndege wamejengea, imeingia kwenye nyaya ambazo mwenye nyumba alimpa fundi wa bei rahisi azifunge, na sasa mita moja na nusu ya mwisho ndiyo itaitakasa? Ni kama kuletewa maji ya boza ukayanywa kwa mrija wa dhahabu. Tumbo litakueleza.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kuniambia mimi sikio langu ni la matatu. Ni kweli, nimepanda matatu za Umoja miaka 20, spika ya besi iko chini ya kiti. Basi mwacheni sikio langu, tuzungumze ya wakubwa. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kuumbua waganga, alisema dola milioni 1 zake ni za yeyote atakayeonyesha kwa masikio tu kwamba nyaya za spika za dola 7,250 zinashinda za kawaida. Hakuna aliyeondoka nazo. Na wale wa santuri: wapo wanaoapa kwamba wanaisikia dijitali, yaani sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu, hata ikijificha, inawakwaruza masikio. Mobile Fidelity, kampuni ya santuri ya huko huko Marekani, ikawauzia santuri za bei ya juu, wao wakiamini zimetoka kwenye utepe wa studio moja kwa moja. Mwaka 2022 ikafichuka kwamba nyingi zilipitia hatua ya dijitali, na kwamba mchezo huo ulianza 2011. Miaka 11 masikio ya dhahabu yanasifia, hakuna aliyekwaruzwa. Ikaishia mahakamani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeilipia riba: leso kwanza, pesa baadaye. Chochote anachokuuzia, mwambie sawa, nimependa, sasa nifunge macho, kijana wako abadilishe, volyumu isiguswe, raundi 10. Ukipata 9, lipa, hata mimi nitakuchangia. Akikataa, akianza habari za "muziki si hesabu", chukua kofia yako. Mimi siku hizi kila kitu nakipitisha kwenye leso. Nimeipitisha hata pilau ya shemeji.

Yule muuza waya wangu alitaka pia kuniuzia kifaa cha kuondoa sumaku kwenye santuri. Santuri ni plastiki, ndugu yangu! Chukua ile sumaku ya friji uone kama itanasa. Na bado nilienda nyumbani nikalala na wazo hilo, nikihesabu wadhamini waliobaki.

Nyaya za spika? Nenda hadiwea, omba waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule wa soketi za nyumba. Mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukinzani wake haufiki hata omu 0.1, na spika yako ina omu 8. Imeisha hiyo.

Unachosikia kweli ni sindano, spika na chumba, na chumba hakuna anayekiuza ndiyo maana hawakitaji. Sebule yangu ilikuwa vigae vitupu na kuta tupu, sauti inagonga inarudi kama bafuni. Mama watoto alileta zulia na mapazia mazito kutoka Eastleigh kwa sababu zake mwenyewe. Jioni hiyo nilidhani amplifaya imebadilishwa. Hilo hata leso sikuhitaji, mama mkwe mwenyewe alisema redio imepona.

Mashine ya binamu yako: kabla hajabeba, asome nyuma. Zipo zenye mota inayofuata mapigo ya stima, na Marekani ni hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, sisi 50. Utanunua transfoma ya kushusha volti kutoka 240 zetu hadi 120 zao, na volti zitakaa sawa, lakini hezi transfoma haibadilishi. Santuri ya kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka kama 28, na mwimbaji wa mzee wako atasikika kama amefufuliwa na hajapenda. Zenye mota ya DC, yaani ya stima isiyo na mapigo, kama SL-1200 za Technics, hazina shida hiyo ya mwendo, shughulikia volti tu. Hapa napo nilikwama, lakini ilikuwa ya bei nafuu, sitaki kuizungumzia.

Kulikuwa na swali lingine, la kusafisha nadhani. Wapo wanaolijua, watakuja.

Vile vijiwe vya kauri tunasimamishia mishumaa stima ikipotea. Waya nao unapikia wali, kichwa chake kiliingia sawa kwenye sufuria ya umeme, na wali ni ule ule. Mpwa wangu alipendekeza tuupime nao kwa raundi 10, nikamfukuza jikoni. Kama kuna mdau anautaka, nimeandika 25,000 na bei inaongeleka, sanduku lipo, mahameli ipo, cheti kipo. Niko Donholm. Leso uje na yako, ile ya kwangu mwenyewe ameificha.