Kabla hujalipia msafara wa magari kwenye theluji ya Uskoti, uliza swali hili

Mimi ni mtoto wa Makete, baridi hainitishi. Nimekua nikiona sakitu imelala juu ya viazi asubuhi za Julai, na bibi akitoka na khanga mbili mabegani kwenda kupima hasara. Nilipohamia Leeds, mji wa Uingereza, nikasikia kuna watu wanalipa pesa nzuri ili waendeshe magari yao wenyewe, kwa msafara, kwenye milima ya kaskazini mwa Uskoti katikati ya majira ya baridi, nilicheka. Halafu nikalipa. Tena mara mbili.

Mara ya kwanza tulikuwa magari kumi na mawili. Kiongozi alikuwa kijana mchangamfu, fundi wa picha, na ratiba yake ilikuwa imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa. Siku ya pili theluji ilianza kuanguka saa sita mchana. Ratiba ilisema tulale ng'ambo ya mlima, basi tukaenda ng'ambo ya mlima. Gari la nne likaserereka, la tano likakanyaga breki ghafla, na mimi ndiye nilikuwa wa sita. Niliingia mtaroni taratibu kabisa, kama mtu anayekaa kwenye kochi. Hakuna aliyeumia, ila tulikwama pale zaidi ya saa tatu, simu hazina hata kijiti kimoja cha mtandao, mpaka mfugaji mmoja akatokea na trekta. Alinivuta bila kutaka hata senti. Akamtazama kiongozi wetu, akatikisa kichwa, akaondoka.

Ndiyo maana safari ya pili sikuanza kwa kuuliza bei, wala hoteli, wala kama chakula kimo. Niliwaandikia waandaaji watatu swali moja: majira ya baridi yaliyopita, mliwageuza watu njiani mara ngapi? Wa kwanza alijibu kwamba hawajawahi kughairi safari, akaweka na alama ya mshangao. Wa pili hakujibu. Wa tatu, mzee mmoja mstaafu wa hukohuko milimani, aliandika: "Mara nne. Na siku moja hatukutoka hotelini kabisa." Nikamtumia pesa jioni ileile.

Tulikutana Inverness, mji wa kaskazini mwa Uskoti, katikati ya Januari, magari matano, mimi na mdogo wangu tukiwa wa tatu kwenye mstari. Mzee aligawa redio za upepo, akatuambia sheria moja tu ya msafara: kila dereva anamchunga aliye nyuma yake, si aliye mbele. Ukifika njia panda, unasubiri mpaka wa nyuma akuone umekata kona upande gani, ndipo uende. Hapo hakuna wa kumkimbiza mwenzake ili asipotee, na kukimbizana ndiko kunakopeleka watu mtaroni. Najua ninachosema.

Siku ile tulikusudia kupanda barabara ya mlimani iitwayo Bealach na Bà kwenda kijiji cha Applecross. Jina hilo ni la Kigaeli, lugha ya zamani ya huko, maana yake ni njia ya ng'ombe, kwa sababu wafugaji wa zamani waliswaga mifugo yao hapo kuipeleka sokoni. Inapanda kutoka karibu usawa wa bahari hadi mita 626, kuna sehemu unapanda mita moja kwa kila mita tano unazokwenda, na karibu na kilele ni kona za kujikunja kama utumbo. Pale chini pana bango kubwa linaloonya wanaojifunza udereva wasijaribu, wala magari makubwa wala yanayovuta matela ya kulala, na linasema wazi kwamba wakati wa theluji njia hiyo kwa kawaida haipitiki. Tulifika hapo saa tano asubuhi. Jua lilikuwa linawaka, anga ni bluu, na kwa macho yangu barabara ilikuwa safi.

Mzee alishuka, akatembea kama hatua hamsini kuelekea mlimani, akasugua lami kwa kiatu, akarudi. Redioni alisema maneno mawili: tunapitia Shieldaig.

Sitadanganya, nilinuna. Mdogo wangu alinuna zaidi, maana alishawatangazia watu wa nyumbani kwenye grupu la ukoo kwamba leo tunapanda. Lakini njia ya Shieldaig na bonde la Torridon, ile ya kupita chini badala ya kupanda, ndiyo niliyoiota wiki nzima baada ya kurudi. Milima ya pale haina miti, ni mawe mekundu yaliyopangana ngazi kwa ngazi, na mlima Liathach unasimama juu ya barabara kama ukuta, zaidi ya mita elfu moja, huku wewe uko chini kabisa usawa wa maji. Ukisogea mbele kidogo unauona Beinn Eighe, ambao eneo lake lilikuwa hifadhi ya taifa ya viumbe ya kwanza kutengwa Uingereza, mwaka 1951. Mdogo wangu alibisha nusu saa redioni kwamba ule weupe wa kileleni wote ni theluji. Mzee alimwacha aseme weee, kisha akamwambia nusu yake ni mawe. Ni kweli, kilele kina mawe meupe ambayo hata Julai hudanganya watu.

Sasa, kuhusu idadi ya magari. Barabara nyingi za huko ni za gari moja. Kila baada ya mwendo mfupi pana sehemu iliyotanuliwa ya kupishana, yenye kibao cheupe. Ikiwa upande wako wa kushoto, unaingia. Ikiwa kulia, unasimama usawa wake ili mwenzako aingie. Anayepanda mlima anapewa nafasi. Ukiona mwenyeji nyuma yako ana haraka, ingia pembeni apite, huenda ni muuguzi au mwalimu anayewahi kazini. Sehemu hizo zinatosha gari moja, mawili kwa kubanana. Sasa fikiria magari kumi na mawili yaliyofuatana yakutane uso kwa uso na lori la kuni. Sisi tulikutana nalo, ile safari ya kwanza, na tulirudi kinyumenyume mpaka shingo zikauma. Mwandaaji anayebeba zaidi ya magari sita, mshukuru na umwache. Na usiegeshe kwenye sehemu ya kupishana ili upige picha, hata kama kulungu amekusimamia kama mwanamitindo.

Kulungu wenyewe ni jambo la kweli. Majira ya baridi wale wekundu hushuka kutoka milimani kutafuta malisho, na jioni wanavuka barabara kundi zima. Ukimwona mmoja amevuka, wengine wako nyuma yake. Kwa hiyo giza likianza kuingia, punguza mwendo. Na giza huingia mapema: katikati ya Januari pale Inverness jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache. Ratiba inayokuambia utaendesha kilomita 300 za barabara za milimani kwa siku moja imeandikwa na mtu aliyetazama ramani ya Juni. Jua lenyewe pia halipandi, linakaa mbele ya kioo siku nzima. Chukua miwani ya jua. Nilidhani ni utani.

Gari. Sheria ya Uingereza haikulazimishi kufunga matairi ya baridi, ila ningekuwa mimi mwandaaji nisingempokea mtu asiye nayo. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na Januari kule mara nyingi joto huwa chini ya hapo. Tafuta tairi lenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Jaza mafuta kila unapokuta kituo, hata kama tenki limebaki nusu, kwa sababu vituo viko mbalimbali na vingine hufunga mapema. Beba koleo, blanketi, tochi, na chupa ya chai. Yetu ilikuwa ya tangawizi, na maandazi ya juzi, na siku ya tatu madereva wengine wanne walikuwa wameshajua tunaegesha wapi.

Kioo kikiganda asubuhi, kikwangue. Mdogo wangu alitoka na birika la maji ya moto la hotelini, nikamkamata mkono hewani. Kioo kilichoganda hakitaki maji ya moto, kinapasuka.

Uendeshaji wenyewe nilijifunza nusu yake Kitonga, zamani, nikiwa nimekaa na mjomba kwenye Fuso. Mjomba alikuwa anasema mlima haushukwi kwa breki, hushukwa kwa gia. Kule Uskoti ni vilevile, ila adhabu inakuja haraka zaidi. Unaondoka kwa gia namba mbili ili tairi lisizunguke bure, unashuka kwa gia ndogo, mguu unagusa breki kama unagusa yai. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinasema umbali wa kusimama kwenye barafu unaweza kufika mara kumi ya ule wa lami kavu, basi acha nafasi mpaka uone aibu. Gari likianza kuserereka, toa mguu kwenye mafuta, geuza usukani taratibu kuelekea linakokwenda, na usipigane nalo. Barafu mbaya kuliko zote haionekani. Lami inafanana tu na iliyolowa. Ndiyo ile mzee aliyoisugua kwa kiatu.

Jambo la karatasi, kwa ufupi: ukihamia Uingereza, leseni ya Tanzania inakubalika miezi 12 tu, baada ya hapo ni mtihani wao. Na ipigie simu bima yako kabla ya kulipia chochote. Kama gari ni la kukodi, pata jibu lao kwa maandishi.

Siku ile tuliyopitia Shieldaig, usiku tulilala Ullapool, mji mdogo mweupe uliojengwa mwaka 1788 kwa ajili ya uvuvi wa samaki aina ya heringi. Wakati wa chakula mhudumu wa hoteli alimwambia mzee kwamba mchana ule gari moja lilijaribu Bealach na Bà na limeachwa kona ya tatu hadi kesho. Mzee hakutugeukia, wala hakusema chochote. Aliomba chumvi. Mdogo wangu alifungua grupu la ukoo chini ya meza, akafuta ujumbe wake wa asubuhi.

Ule mlima sijaupanda hadi leo. Nimeomba likizo ya Mei, na mdogo wangu ameshasema usukani ni wake.